Vijana Wetu na Unga: Msaada Ulitoka Wapi?

Tunapohesabu safari ya ushirika wetu, tuwakumbuke pia watoto wetu walionaswa na nipa, suruma na unga.

Kwa miaka mingi majahazi ya unga kutoka Asia yamepita pwani hii ya Cabo Delgado. Msaada ulianzia kwa majirani. Zanzibar, mwaka 2009, zilifunguliwa soba hausi, nyumba ambamo aliyeacha anamshika mkono anayeanza kuacha. Februari 2011, Muhimbili, Dar es Salaam, wakaanza kutoa methadoni: dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, inayotuliza arosto ya unga. Kwa nipa na suruma haifai. Huko kinachotakiwa ni ushauri na mtu wa karibu.

Kwetu Msumbiji methadoni ilifika mwaka 2020, tena Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Palma. Wakati huo vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilishafunga shule na vituo vya afya, familia zikakimbilia Pemba.

Msamaria mwema hakuishia kuhurumia. Alifunga majeraha, akampandisha majeruhi kwenye punda wake, akamlipia nyumba ya wageni. Basi maombi yaendelee, na nauli ichangwe. Wewe uliye Dar au Unguja, mpokee kijana wetu, mfikishe kwenye matibabu, arosto ikimbana usiku ukeshe naye. Na sisi wa huku, akirudi asikute mlango umefungwa.