Fedha za Kwanza za Utafiti wa Risasi

Nchini Marekani, utafiti wa madhara ya petroli yenye risasi uligharimiwa kwa muda mrefu na waliokuwa wakiiuza. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors, aligundua kuwa kemikali ya risasi ikitiwa kidogo tu kwenye petroli huzuia injini kugonga. Mauzo yalianza Dayton, Ohio, Februari 1923. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Standard Oil kilichotengeneza kemikali hiyo huko Bayway, New Jersey, walirukwa na akili wakafa, na wenzao wengi wakalazwa.

Mei 1925 Mganga Mkuu wa Serikali aliitisha mkutano, na Daktari Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya viwandani, akaipinga waziwazi biashara hiyo. Kamati iliyoundwa haikuona sababu ya kuipiga marufuku, ila ilishauri Bunge litenge fedha utafiti uendelee. Bunge halikutenga. Kampuni za General Motors, DuPont na Ethyl ndizo zilizotoa dola 130,000 za kuanzishia Maabara ya Kettering katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, chini ya Daktari Robert Kehoe.

Kehoe alipima mikojo ya wanakijiji wa Meksiko walioishi mbali na magari, akakuta risasi. Akahitimisha kuwa risasi ni ya kawaida mwilini, na kwamba damu yenye chini ya maikrogramu 80 kwa desilita haina hatari. Kumbe wanakijiji hao walikuwa wakila katika vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa risasi! Hata hivyo, kwa takriban miaka 40 hakukuwa na maabara nyingine yenye uwezo wa kumpinga.

Pingamizi lilitoka kwa mwanakemia wa miamba. Clair Patterson wa California alikuwa akitafuta umri wa dunia kwa kupima risasi katika vimondo, lakini vumbi lenye risasi lilimharibia vipimo. Ikambidi achuje hewa ya maabara, aoshe vyombo kwa asidi na kusugua sakafu tena na tena. Baadaye, kwa fedha za taasisi ya wenye mafuta, alipima bahari na kukuta maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kilindini. Maana yake risasi hiyo ilikuwa ngeni. Alipotangaza hayo, ufadhili huo ulikatwa. Mwaka 1965 aliandika kuwa miili ya Wamarekani ilibeba risasi takriban mara 100 ya kiasi cha asili.

Mwaka 1966 yeye na Kehoe walitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti. Mwaka huohuo serikali ilianzisha idara ya sayansi za afya ya mazingira, ambayo mwaka 1969 ikawa taasisi kamili huko North Carolina. Hadi leo vituo inavyovifadhili vyuoni hutoa ruzuku ndogo kwa tafiti changa. Petroli yenye risasi nayo hatimaye iliondolewa Afrika Kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliiacha mwaka 2021.