Uso wa Bwana Katika Sinema



Pasaka moja tulionyesha sinema ya maisha ya Yesu uani mwa kanisa, huko Changamwe. Tulitundika shuka jeupe ukutani, jenereta ikanguruma, watu wakaketi mikekani hadi usiku. Ilipokwisha, mtoto mmoja alinishika kanzu akauliza, "Mchungaji, yule Mzungu akiombwa kwa Kiswahili husikia?"

Nilicheka, lakini usiku ule sikulala vema. Mtoto hakuuliza habari za sinema. Aliuliza kama maombi ya mama yake yanafika.

Tangu siku hiyo nazitazama sinema hizi kwa jicho jingine. Kila aliyezitengeneza alikutana na shida moja: Injili zote nne hazituelezi sura ya Bwana wetu ilikuwaje.

Mwaka 1927 Mmarekani Cecil B. DeMille alitoa The King of Kings, sinema isiyo na sauti. Aliyemwigiza Yesu ni H. B. Warner, Mwingereza aliyekwisha kutimiza miaka 50. Lakini angalieni jambo hili: twamwona Bwana kwanza kwa macho ya mtoto kipofu anayeponywa. Mwaka 1959, katika Ben-Hur, William Wyler hakutuonyesha uso wake hata mara moja. Twaona mkono ukimpa mfungwa maji, nasi twajua ni mkono wa nani. Majirani zetu Waislamu, wasiopenda Mitume wachorwe, nadhani wataielewa staha hiyo.

Mwaka 1977 Franco Zeffirelli wa Italia alitoa Jesus of Nazareth, sinema ya televisheni ya saa zaidi ya 6. Robert Powell, Mwingereza mwenye macho ya buluu, ndiye aliyeigiza. Picha ya uso wake nimeikuta ukutani katika nyumba za Wakristo, kana kwamba ndiyo picha ya Bwana mwenyewe.

Miaka 2 baadaye ikaja Jesus, iliyofuata Injili ya Luka. Brian Deacon naye ni Mwingereza, lakini sinema hiyo imetiwa sauti za lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo. Hiyo ndiyo niipendayo kupita zote, si kwa uso wake, bali kwa sauti. Bibi mmoja wa Likoni alipoisikia alisema, "Kumbe asema nami!"

Kisha mwaka 2006 ikatoka Son of Man ya Afrika Kusini. Humo Bwana ni Mwafrika, asema Kixhosa, naye apita katika vichochoro vya Khayelitsha. Wako wanaoshtuka. Lakini ikiwa Mwingereza aliweza kumwigiza Myahudi wa Nazareti, Mxhosa ana kosa gani?

Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati yao aliye Bwana. Kumbukeni wazee wetu wa Frere Town, hapo Kisauni. Watu waliookolewa utumwani walianza kuletwa pale mwaka 1875, miaka 20 kabla ya watu wa Paris kulipa kiingilio cha sinema ya kwanza. Wale walioamini hawakumwona Bwana katika shuka lolote. Walisikia Neno, wakamjua.

Luka atusimulia habari za wanafunzi wawili waliokwenda Emau. Walitembea na Bwana mwenyewe, uso kwa uso, wasimtambue. Walimtambua mezani, alipoumega mkate.

Basi mtoto yule nilimjibu Jumapili iliyofuata: "Mwanangu, yule ni mwigizaji tu. Yesu husikia Kiswahili, na mama yako amjua."

Nawe msikilizaji, leo ukivuka na feri ya Likoni, usimtafute mtu mwenye macho ya buluu. Mtazame aliye na njaa kando yako, umege mkate.

Tuombe. Ee Bwana, utufumbue macho kama wale wa Emau, tukutambue ulipo karibu nasi. Amina.