Nansen: mtu wa barafu aliyetupatia karatasi

Vijana wenzetu, na ninyi mnaofanya kazi nasi kambini, jina la Nansen wengi tumelisikia kwenye ile tuzo ya UNHCR, aliyopewa Abdullahi Mire mwaka 2023, kijana aliyekulia Dadaab na kuwapelekea wakimbizi vitabu. Lakini Nansen mwenyewe alikuwa nani?

Fridtjof Nansen alizaliwa Norway mwaka 1861. Mwaka 1888, yeye na wenzake watano walivuka barafu ya Greenland. Walianzia mashariki, meli ikawaacha ikaenda zake. Kurudi nyuma hakuna, ni mbele tu. Walipanda mpaka mita 2,700 hivi, kwenye baridi kali ajabu. Walipofika magharibi wakakosa meli ya kurudi kwao, basi wakakaa na wenyeji, Wainuiti, msimu mzima wa baridi, wakijifunza maisha yao.

Mwaka 1893 akaondoka tena na meli iitwayo Fram. Machi 1895, yeye na Hjalmar Johansen waliishuka meli wakaifuata Ncha ya Kaskazini kwa miguu, na mbwa 28 wakivuta mizigo. Walifika nyuzi 86 na dakika 14, mahali ambapo hakuna aliyejulikana kufika kabla yao. Ncha yenyewe hawakuipata. Wakageuka, wakajenga kibanda cha mawe kwenye visiwa vya Franz Josef, wakaishi humo kwa nyama ya dubu.

Juni 1896 Nansen akakutana huko na Mwingereza, Frederick Jackson. Alikuwa mweusi kwa masizi na mafuta, nywele ndefu, nguo zimechakaa. Lakini walikuwa wamewahi kuonana zamani, na Jackson akamtambua. Akamkaribisha kwake.

Hapa sisi tunasimama kidogo. Nansen alipona pia kwa sababu alikutana na mtu anayemjua. Sasa wewe uliyevuka mpaka usiku, huko ulikofika nani anakujua?

Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilimpa kazi ya kushughulikia wakimbizi wa Urusi. Walikuwa wengi mno, wametawanyika baada ya mapinduzi na vita, na serikali mpya ikawavua uraia. Bila karatasi mpaka huvuki, kazi hupati. Mwaka 1922 serikali zikakubali cheti alichokipigania, kikaitwa pasipoti ya Nansen. Baadaye Waarmenia nao wakapewa. Nchi zaidi ya 50 zilikitambua. Yale Jackson aliyoyafanya kwa macho yake, sasa yalifanywa na karatasi: huyu ni fulani, ana jina.

Tusiipambe kupita kiasi. Karatasi ile haikuwa uraia, na mwanzoni haikukuhakikishia hata kurudi katika nchi iliyokupa. Nansen alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka huo huo wa 1922, akafariki mwaka 1930, na wengi aliowasaidia walikuwa bado hawana nchi.

Kwa hiyo, vijana, ukimwona mzee kafunga karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki na analala nazo chini ya mto, usimcheke. Na ninyi wa mezani, herufi moja ya jina ikikosewa kwenye kadi, kwenu ni kosa dogo la kuandika. Kwetu sisi, huyo aliyeandikwa ni mtu mwingine, na mlangoni ataulizwa yeye.