Kuambua Rangi

Mezani kwangu pana chupa ya jemu yenye kifuniko cha kubana. Ndani yake askari wanane wa bati wamelala katika spiriti tangu jana usiku, na rangi yao ya kijani imeanza kutuna na kukunjamana kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Nikimtoa mmoja na kumpitishia mswaki, rangi inatoka vipande vipande, na chini yake yanajitokeza mambo ambayo jicho halijayaona kwa miaka: kifungo cha koti, kovu shavuni, mshono wa kiatu. Kazi hii naipenda. Kwa muda mrefu, hata hivyo, sikuwa na jina lake kwa Kiswahili. Nilikuwa nikisema "kutoa rangi", mpaka siku moja kijana mmoja jirani yangu akaniuliza visanamu hivyo vinatoa rangi gani. Alikuwa na haki ya kuuliza. Ua hutoa rangi, kitambaa kipya hutoa rangi; neno lile halisemi nani anatoa na nani anatolewa.

Kisanamu ninachokizungumzia ni kile cha michezo ya mezani, askari au jitu au zimwi lenye urefu usiozidi pingili ya kidole gumba, milimita 28 au zaidi kidogo. Asili yake ni vile vinyago vya askari vya watoto wa Ulaya. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kuuza askari wa risasi walio wazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akachapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupigana nao sakafuni. Mwaka 1979 ikaanzishwa Citadel Miniatures katika mji wa Newark, karibu na Nottingham. Mchezo wa Warhammer ukafuata mwaka 1983, kisha Warhammer 40,000 mwaka 1987. Watengenezaji wa visanamu wamejaa pande hizo za Uingereza kiasi kwamba wachezaji wanaziita Ukanda wa Risasi. Msomaji wa Kiswahili asishtuke. Risasi hapa ni madini, siyo ile ya bunduki, ingawa neno letu linabeba yote mawili.

Visanamu hivi kwa kawaida huuzwa bila rangi, na mwenye navyo huvipaka mwenyewe. Ndiyo maana vinapouzwa tena mkono wa pili huja na historia ya mikono mingine. Mmoja alipaka nyekundu nzito, mwingine akapaka buluu juu yake, wa tatu akamalizia na vanishi. Kila koti la rangi hujaza mifereji midogo iliyochongwa na msanii, hadi uso wenye hasira unakuwa kama kipande cha sabuni kilichotumika. Vingi vya miaka ya 1980 havitengenezwi tena, kwa hiyo huwezi kukitupa na kununua kipya. Unarudi nyuma, koti baada ya koti, mpaka kwenye chuma chenyewe.

Kurudi huko nyuma tukuiteje?

Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, bandika, bandua. Kwa kanuni hiyo kinyume cha kupaka kingekuwa kupakua, na ningefurahi sana kama lingekuwa hivyo. Lakini pakua lina wenyewe. Wali hupakuliwa chunguni, shehena hupakuliwa melini, na siku hizi programu hupakuliwa kutoka intaneti. Atakayesoma "pakua rangi" atashika sahani au simu.

Wafasiri wenye haraka hukimbilia kuvua, kwa kuwa Waingereza hutumia kitenzi kimoja kwa nguo na kwa rangi. Silipendi. Anayevua nguo anaweza kuivaa tena ileile, na rangi iliyotoka haivaliki. Tena jina la kitendo likishakuwa "uvuaji rangi", harufu ya samaki haiko mbali.

Futa ni la chaki na vumbi. Chuja ni neno zuri sana, ila kazi yake ni nyingine, na tofauti hiyo inafundisha jambo. Kanga ikifuliwa mara ya kwanza huchuja, kwa sababu rangi yake imeingia ndani ya uzi na maji yanaichukua. Rangi ya kisanamu haikuingia popote. Ni unga wa rangi ulioshikwa ndani ya kinata. Akriliki ikikauka, maji huruka, chembe za plastiki zilizomo hushikana, na kinachobaki ni utando mwembamba uliokumbatia umbo. Kiswahili huyaita yote mawili rangi, na hapo ndipo istilahi inapopaswa kumsaidia msomaji. Tunachokiondoa si wekundu bali ule utando unaoubeba.

Fundi wa nyumba angesema kukwangua, naye anajua anachosema. Hushika kikwangulio, kisha msasa, jina lililotoka kwenye mti msasa ambao majani yake makavu hukwaruza kiasi cha kulainishia mbao. Ukutani ni sawa. Kisanamu kikipigwa msasa, pua inaondoka pamoja na rangi. Na kama ni cha zamani, kilichoyeyushwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi kama vilivyokuwa vingi kabla ya miaka ya 1990, vumbi lake ni sumu, hasa nyumbani penye watoto. Cha namna hiyo kisiguswe na msasa kabisa, na mikono ioshwe kabla ya kushika chakula.

Baada ya kuyapima yote hayo nilibaki na bandua, bambua na ambua, na watu huyatumia yote kwa rangi ya ukuta inayotoka yenyewe. Bandua linadai kitu kilichobandikwa, kama stempu au plasta, kinachotoka kizima. Bambua, kwa sikio langu, lina nguvu na papara ndani yake. Ambua ni la gome na ngozi, la kile kilichoshikamana na mwili mpaka kikafuata kila mkunjo wake. Ngozi iliyochomwa na jua huambuka. Mafundi wa Buganda huambua gome la mtuba kutengeneza kitambaa, kisha huufunika mti kwa majani ya mgomba, nao huota gome jipya. Mfano huo ndio ulionishawishi, kwa kuwa kisanamu nacho hakiambuliwi ili kikae uchi. Kinangoja rangi mpya, na kilicho chini lazima kibaki kizima ili kiipokee.

Zaidi ya hayo, ambua linaeleza sawasawa kinachotokea ndani ya chupa. Pombe ya isopropili, ile spiriti ya kusafishia ngozi, hasa yenye nguvu ya asilimia 90 na zaidi, haiigeuzi akriliki kuwa maji. Huupenya ule utando, ukatuna, ukalegea, ukaachana na kilicho chini. Mswaki unamalizia tu. Anayeandika "yeyusha rangi" anampeleka msomaji mahali pabaya, kwa sababu kuyeyusha ndiyo hatari yenyewe. Nilijifunza kwa hasara: kisanamu changu cha kwanza cha plastiki nilikitia kwenye asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, na baada ya muda mfupi nikakuta uji wa kijivu. Asetoni ni rafiki wa chuma, lakini polistairini huiyeyusha kabisa. Hata kwenye chuma huilegeza gundi kali, basi usishangae kukuta mikono na panga vimelala chini ya chupa. Resini iko katikati na haitabiriki. Jaribu kwanza kwenye kipande usichokijali.

Uingereza wachezaji wengi hutumia Dettol, chupa ambayo hata kwetu haikosekani bafuni. Mafuta ya msonobari na pombe vilivyomo hulegeza akriliki vizuri, bila maji. Sharti ni moja: usiguse maji mpaka rangi yote imetoka. Ukiosha mapema, rangi iliyolegea inageuka ulimbo unaonata kwenye mswaki, vidoleni na kila pembe ya kisanamu. Sugua humohumo ndani ya Dettol, suuza kwa Dettol safi, ndipo uende kwenye sabuni na maji.

Kwa dawa yenyewe sitaki jina la kubuni. Sisi tuna dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya mbu. Hii iwe dawa ya kuambua rangi. Nilifikiria "dawa ya kuambulia", kwa mfano wa maji ya kuogea, nikaliacha, maana kuambulia kuna maana yake iliyozoeleka, na mara nyingi anayeambulia huambulia patupu. Kitendo chenyewe ni uambuaji rangi. Ile rangi ya kwanza inayoshika chuma, praima, ndiyo hutoka mwisho, na mara nyingine haitoki yote.

Hapo kwangua linarudi kwa heshima yake. Maelezo ninayompa anayeanza leo ni haya: vaa glavu, fungua dirisha, weka moto mbali, maana mvuke wa spiriti na asetoni hushika moto haraka. Loweka usiku kucha. Ambua kwa mswaki laini kuanzia kichwani kushuka. Praima iliyobaki kwapani na kwenye mikunjo ya joho, ikwangue polepole kwa kijiti cha meno, na ukiona imeng'ang'ania, iache. Koti jipya litaifunika.