Mshikaki wa Lushoto, Wali wa Mbegha

Jioni ya Usambara huanza kwa baridi. Jua likishajificha nyuma ya mlima, mtu aliyetoka Dar es Salaam na shati la mikono mifupi hujikuta akitafuta moto bila kushauriwa na mtu, na mjini Lushoto moto ulio karibu zaidi na stendi ya mabasi ni ule wa wachoma mishikaki. Mwaka huu nilipopanda kwenda kumsalimu mama nilisimama hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

"Shikamoo mwalimu. Nikuwekee mingapi?"

"Marahaba, mdogo wangu. Nianzie minne."

Jiko lake ni nusu ya pipa la mafuta lililopasuliwa kwa urefu, na baadhi ya vijiti vyake ni spoki za baiskeli zilizonolewa ncha. Nilipomwambia kwamba miezi michache nyuma nilikaa juu ya kigoda katika uchochoro mmoja wa Tokyo nikila kitu kama hiki hiki, ila cha kuku, aliacha kupepea. "Kumbe hata Wajapani wanachoma mishikaki?" Nilimjibu ndiyo, tukacheka, nikala. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Ninaliandikia makala haya kwa sababu naona jibu la ndiyo peke yake lilikuwa la kivivu.

Wajapani huiita nyama hiyo yakitori, yaani ndege wa kuchoma. Mgeni hudhani ni chakula cha kale kilichoshuka na mababu. Sivyo. Mwaka 675 Mfalme Tenmu, akisukumwa na mafundisho ya Kibudha, alipiga marufuku ulaji wa ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku katika miezi ya kilimo, na marufuku za namna hiyo zilirudiwa na watawala wengine kwa karne nyingi. Watu hawakuacha nyama kabisa, kwani ndege wa porini walichomwa na wagonjwa walitafutiwa supu, lakini nyama ilibeba aibu fulani. Ni mwaka 1872 tu ndipo ilipotangazwa hadharani kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe, kwa kuwa serikali yake ilitaka raia wenye miili ya kushindana na Wazungu. Katika zama hizo za Meiji wachuuzi wa Tokyo walianza kukusanya mabaki ya mahoteli yaliyopika kuku, yaani firigisi, ngozi, mioyo na vipande vya shingo, wakavitunga kwenye vijiti vya mianzi na kuvichoma kandokando ya barabara. Kuku mzima alikuwa ghali, na maskini walipata harufu yake pamoja na yale yaliyokataliwa na matajiri.

Hata baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika masoko ya magendo yaliyoota karibu na stesheni ya Shinjuku, vijiti vingi vilivyochomwa vilikuwa vya matumbo ya nguruwe na ng'ombe. Kuku alikuja kushuka bei kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kuku wa kisasa walipoanza kufugwa kwa maelfu. Kwa hiyo kile ambacho leo huuzwa kama utamaduni wa Kijapani, pamoja na mkaa wake maarufu wa binchotan utokao mkoa wa Wakayama, katika sura yake ya sasa kinakaribiana umri na Muungano wetu.

Nirudi nyumbani. Neno mshikaki lina ukoo wake baharini. Kiarabu kina kitenzi shakka, chenye maana ya kudunga kwa kitu chenye ncha, na hadi leo mtu akisimama jioni katika barabara za Muscat atauziwa mishkak, nyama ya vijiti iliyolowekwa viungo, ambayo Mzanzibari yeyote ataitambua kabla ya kuionja. Kiswahili nacho kimejaliwa, maana kitenzi chetu kuchoma hubeba maana zote mbili, kudunga na kubanika motoni, kana kwamba lugha ilikuwa inamsubiri mshikaki. Kutoka pwani umepanda na barabara na reli hadi umekuwa wa kila mji, na hata umeingia katika sheria za barabarani kwa mlango wa nyuma: bodaboda aliyebeba abiria wawili au watatu huambiwa na trafiki kwamba amepakia mishikaki.

Huku milimani, hata hivyo, habari ya nyama na mamlaka ni ya zamani kuliko spoki na pipa, na hapo ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo.

Kila mtoto wa Kisambaa ameisikia habari ya Mbegha. Alitoka Unguu. Alikuwa kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na jamaa zake walimwona mkosi wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki, akaishi porini kwa kuwinda nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu. Abdallah bin Hemedi, aliyekiandika kisa hiki kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi mwishoni mwa karne ya 19, na mwanahistoria Steven Feierman, aliyekichambua katika kitabu chake cha mwaka 1974, wote wawili wanatuonyesha jambo lile lile: Mbegha hakuipata Usambara kwa vita. Aligawa nyama. Wenyeji, waliokuwa na mashamba lakini hawakuwa na nyama ya kutosha, walimpa chakula cha shambani, naye akawapa kitoweo. Mabadilishano yakazaa urafiki, urafiki ukazaa mke, na mwishowe wazee wakampa kiti huko Vuga. Wakilindi, ukoo wake, walitawala milima hii tangu karne ya 18. Mfalme aliitwa Simba Mwene, kwa kumbukumbu ya simba ambaye Mbegha alimuua njiani akaelekea Vuga. (Leo, katika wilaya yenye Waislamu wengi, kipengele cha nguruwe husimuliwa haraka haraka, kisha msimulizi hukimbilia kwa simba.)

Wapo wanaokisoma kisa hiki kama hadithi tu ya kuhalalisha ukoo wa kifalme. Ni kweli, ni hadithi ya kuhalalisha. Lakini tazama imechagua kuhalalisha kwa kitu gani. Haikuchagua upanga wala ufunuo, ilichagua sahani. Wasambaa walikuwa na misemo miwili ya kumpima mtawala: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala aliyeiponya nchi alionekana kwa mvua na kwa vyungu vya watu, na yule aliyeiharibu alionekana kwa njaa, hata kama alikuwa na askari wengi.

Kwa kipimo hicho wakoloni walifeli mtihani. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao, wakapenda hali ya hewa iliyowakumbusha kwao na kulima mboga za kwao. Waingereza waliwafuata, na katika miaka ya 1940 na 1950 wakaleta mpango wao wa Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko mikali na malisho ya mifugo yakabanwa, yote kwa jina la kuhifadhi udongo. Udongo ulikuwa unakwisha kweli, hilo sibishani nalo. Ila aliyebeba jembe alikuwa mwanamke wa Kisambaa, na aliyeandika amri alikuwa bwana shamba mwenye ofisi. Watu waligoma, TANU ikapata wafuasi, na mpango ukafa kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa. Hifadhi ya udongo ilirudi katika miaka ya 1980 kwa sura ya upole zaidi, kwa msaada wa Wajerumani wa Magharibi, ikiwahimiza watu kufunga ng'ombe zizini na kuwakatia majani.

Hivyo mlima ukabaki na mboga na viazi, na ng'ombe wa nyama, kama mchinjaji mmoja wa Lushoto alivyonieleza, wengi wao hupandishwa kutoka tambarare. Viazi mviringo vya Lushoto hushuka kwenda Dar es Salaam na huko hukatwa vikawa chipsi. Sahani ya chipsi mishikaki ambayo mwanafunzi wangu huinunua usiku akitoka maktaba ni mkataba wa Mbegha na wazee wa Usambara uliohamia mjini: wanga wa mlima kwa nyama ya nyika. Tofauti ni kwamba katika mkataba wa kwanza pande zote mbili zilikaa na kutazamana. Katika huu wa sasa, mkulima wa viazi hamjui mlaji, na bei hupangwa na dalali aliye kati yao.

Na mchomaji je? Hapa Tokyo inanirudia. Mwaka 1949 makao makuu ya majeshi ya kigeni yaliyoikalia Japani yaliagiza vibanda vya kandokando ya barabara za Tokyo viondolewe. Wachuuzi hawakutoweka. Walijipanga, wengine wakapata vichochoro vyembamba nyuma ya stesheni, wakabanana humo, kila mmoja na meza ya watu sita au saba. Vichochoro hivyo vilivyobaki, kama kile cha Shinjuku nilichokaa, leo hupigwa picha na watalii na kutangazwa kama fahari ya jiji.

Sisi tuliwahi kumpa mchuuzi kitambulisho cha shilingi 20,000 mwishoni mwa mwaka 2018 na kumwambia asisumbuliwe, na mwaka 2021 tukamwondoa kandokando ya barabara. Nimeshuhudia, katika mji ambao sitautaja, mgambo akimwaga jiko la mishikaki lenye moto, makaa yakitawanyika miguuni pa watoto. Sasa linakuja la mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mtu aliyekulia chini ya msitu wa Magamba hawezi kuukebehi mkakati huo, kwa kuwa tunaona kwa macho chemchemi zinavyopungua pale miti inapoisha. Lakini nauliza kama alivyouliza yule mwanamke wa matuta: nani atabeba jembe? Jiko la gesi la kuchomea nyama linahitaji mtaji, na mtungi hujazwa kwa fedha taslimu. Mkaa hununuliwa kwa kopo, leo kwa leo. Tukimpiga marufuku mwenye pipa bila kukaa naye, tutakuwa tumeurudia mwaka 1950 kwa lugha ya kizalendo.

Nilimuuliza kijana wa stendi anaonaje habari ya gesi. Alifikiri huku akigeuza vijiti.

"Mwalimu, wakinikopesha jiko nitalipa. Wakija kunyang'anya hili, basi nitahamia kule nyuma ya gulio, na wateja watanifuata kwa harufu."

Kisha akahesabu vijiti vilivyolala mbele yangu, kwa kuwa hiyo ndiyo daftari yake ya madeni. Vilikuwa tisa. Nilikuwa nimeagiza vinne. Nyuma yetu lori la viazi lilikuwa limeshafunikwa turubai, na utingo wake aliomba afungiwe mishikaki miwili kwenye gazeti, kwani walitaka kuzimaliza kona za Soni na kufika Mombo kabla ya saa nne.