Vita vya Kolwezi vilivyobadili sayansi ya sumaku

Mei 1978, wapiganaji waliotokea Angola waliuteka mji wa migodi wa Kolwezi, katika jimbo la Katanga lililoitwa Shaba enzi za Mobutu. Wataalamu wa kigeni walikimbia na bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa, kwa kuwa Zaire, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Mshtuko huo ulifika hadi maabara za Japani na Marekani.

Sumaku kali kuliko zote wakati huo ilichanganya kobalti na samariamu, mojawapo ya madini adimu. Msingi wake uliwekwa na Karl Strnat na wenzake katika maabara ya jeshi la anga la Marekani, Dayton, miaka ya 1960. Sasa swali likawa: je, chuma, ambacho ni tele na rahisi, kinaweza kushika nafasi ya kobalti?

Mjapani Masato Sagawa alikuwa na wazo la kuongeza boroni ili atomi za chuma zitengane kidogo. Mwaka 1982 alihamia kampuni ya Sumitomo Special Metals, na mwaka huohuo akapata sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Alisaga aloi ikawa unga, akaushindilia na kuuchoma hadi ukashikana. John Croat wa General Motors alifika palepale kwa njia nyingine: aliimwaga aloi iliyoyeyuka juu ya gurudumu linalozunguka kwa kasi, ikaganda papo hapo ikiwa na punje za makumi ya nanomita. Novemba 1983, wote wawili walitangaza matokeo yao katika mkutano mmoja mjini Pittsburgh.

Udogo wa punje una maana kubwa. Punje kubwa hugawanyika ndani katika maeneo yenye mielekeo tofauti ya usumaku, na mipaka yake husogea kirahisi. Iliyo chini ya takribani nanomita 300 hubaki na mwelekeo mmoja, na kuigeuza ni kazi ngumu. Kikwazo ni hewa: madini adimu hushika oksijeni upesi, na unga laini mno huweza kuwaka wenyewe.

Hakuna nchi iliyoyatatua matatizo hayo peke yake. Mwaka 1985 Jumuiya ya Ulaya iliziunganisha maabara za nchi mbalimbali katika mpango wa utafiti wa sumaku ulioitwa CEAM. Birmingham, Rex Harris na wenzake walitumia haidrojeni kuipasua aloi iwe unga. Dublin, mwaka 1990, Michael Coey na Hong Sun walipata sumaku mpya kwa kuingiza naitrojeni katika samariamu na chuma. Mwaka uliofuata, Wajerumani Eckart Kneller na Reinhard Hawig walieleza jinsi punje za sumaku ngumu, isiyogeuzwa kirahisi, na laini, inayogeuzwa kirahisi, zinavyoongezeana nguvu zikikaa pamoja katika kipimo cha nanomita.

Katika historia hiyo yote, Katanga ilitoa madini. Ujuzi ulikua kwingine. Tanzania nayo ina neodimiamu huko Ngualla, mkoani Songwe, na mwaka 2023 serikali ilitia saini mkataba wa kuichimba. Mrabaha ni haki yetu, lakini hautoshi. Mikataba ya aina hiyo itaje pia nafasi za watafiti wetu katika maabara zinazotengeneza sumaku, kwa sababu thamani kubwa huzaliwa pale unga unapogeuzwa sumaku, na kazi hiyo hujifunzwa kwa kuifanya pamoja na wanaoijua.