Kalema bin Muteesa, Mwana wa Mfalme wa Buganda

Ng'ambo ya Mto Naili, karibu na mji wa Juba, ndipo ilipokuwa Gondokoro, kituo kikubwa cha serikali ya Misri katika Jimbo la Ikweta. Mnamo mwaka 1874 Gordon Pasha aliyahamisha makao yake kutoka hapo hadi Lado, nayo iko ukingo wa pili, kaskazini ya Juba. Kutoka vituo hivyo askari wa Misri na wa Sudani walipanda kwenda kusini, wakafika hata baraza la Kabaka wa Buganda. Wengi wazijua habari za safari hizo. Ni wachache waijuao habari ya kijana mmoja wa nyumba ya kifalme, ambaye maisha yake yalipinduliwa na jambo lililoletwa Buganda na wageni wa kaskazini. Kijana huyo ni Kalema, mwana wa Muteesa.

Uislamu ulikuwa umetangulia kufika Buganda kwa njia ya pwani. Wafanyi biashara Waarabu na Waswahili walianza kuingia huko tangu zama za Suuna, baba yake Muteesa. Muteesa mwenyewe alijifunza kusoma Kiarabu, akafunga Ramadhani kwa miaka mingi, na akaamuru misikiti ijengwe. Lakini hakutahiriwa, kwa kuwa mila ya Waganda ilikataza damu ya Kabaka isimwagike.

Basi walipokuja Waislamu kutoka kaskazini, wakaona kwamba kibla cha msikiti hakikuelekea sawasawa, tena kwamba anayewasalisha watu hakutahiriwa. Vijana wa barazani waliyasikia maneno hayo wakayashika. Wakakataa kusali nyuma ya mfalme, wakakataa na nyama ya machinjo yake. Muteesa aliona kuwa huo ni uasi, na mwaka 1876 akaamuru wauawe. Hesabu inayosimuliwa ni ya vijana wapatao 70, waliochomwa moto Namugongo. Mwaka huohuo askari wa Nur Agha, waliotumwa na Gordon, walikuwa Buganda chini ya macho ya Kabaka, na Emin akaja kuwatoa.

Katika nyumba hiyo ndimo alimokulia Kalema. Mwana wa mfalme wa Buganda hakuwa na raha ambayo mtu angeidhania. Hakuwa na sehemu katika utawala, naye alilindwa na mkuu aitwaye Kasujju, ili asipate kufanya fitina juu ya kiti. Kila mwana wa mfalme aliishi akijua kwamba siku moja huenda akachukuliwa kutawazwa, au huenda akachukuliwa kuuawa.

Muteesa alifariki mwaka 1884, akarithiwa na Mwanga. Mnamo Septemba 1888 Waislamu na Wakristo walishikana mkono wakamwondoa Mwanga, wakamweka Kiweewa, mwana wa kwanza wa Muteesa, ijapokuwa mila haikumruhusu mwana wa kwanza kurithi. Mwezi uliofuata Waislamu waliwafukuza Wakristo, wakamtaka Kiweewa atahiriwe. Kiweewa akakataa, akawaua baadhi ya wakuu wa Kiislamu, kisha akakimbia. Jambo lililowaua vijana wa mwaka 1876 sasa likamwondoa mfalme katika kiti chake.

Hapo ndipo Kalema alipotolewa. Yeye alikubali kutahiriwa, akaitwa Rashidi, akawa Mwislamu wa kwanza aliyetahiriwa kukikalia kiti cha Buganda. Furaha ya Waislamu ilikuwa kubwa, lakini kiti hicho kilisimama juu ya bunduki. Watu waliamrishwa kutahiriwa kwa nguvu, na wengi wakakimbilia upande wa Mwanga. Kalema, kwa kuogopa kwamba adui zake watamtafuta ndugu yake mwingine wamtawaze, mwaka 1889 aliwaua wana na mabinti wengi wa Muteesa, na Kiweewa miongoni mwao. Jambo hili halifichiki wala halifai kufichwa. Hofu aliyolelewa nayo ilimtawala alipokuwa mfalme, na damu ile haikuipatia dini faida yoyote.

Mnamo Oktoba 1889 Mwanga alirudi pamoja na Wakristo, Kalema akaondoka kwenda upande wa Bunyoro. Kwa msaada wa Kabalega alirudi akautwaa mji mkuu mwezi Novemba, lakini Februari 1890 Waislamu wakashindwa tena. Kalema hakuuawa vitani. Alikufa kwa ndui akiwa bado kijana, na kaburi lake liko Mende, katika Busiro.

Waislamu walibaki bila mfalme, wakamfuata Nuhu Mbogo, ndugu yake Muteesa, mtu wa subira. Mwaka 1892 Mbogo alikubali suluhu na Lugard. Wakati huo askari wa Emin walikuwa wamekwisha kuletwa Uganda chini ya Salim Bey, na mwaka 1893 Waingereza waliogopa kuwa askari hao wataungana na Waislamu wa Buganda. Salim akaondolewa akafa njiani, Mbogo akapelekwa Unguja, asirudi hata mwaka 1895. Hivyo watu wa Naili na watu wa Kalema walikutana mara ya pili, na mara hiyo walishiriki msiba mmoja.

Mbogo hakupata kiti cha ufalme, lakini aliwakusanya watu wake mpaka alipofariki mwaka 1921. Mwanawe, Badru Kakungulu, akayashika majukumu hayo angali kijana mdogo. Ndiye aliyetoa ardhi ya Kibuli, panaposimama msikiti uliofunguliwa mwaka 1951, na shule pembeni yake.

Kalema alipewa kiti, naye hakudumu nacho hata miaka miwili. Vijana wa Namugongo hawakuwa na kiti wala bunduki, na waliofuata mwendo wa Mbogo walikuwa na subira tu. Lakini hao ndio walioufikisha Uislamu wa Buganda kwa watoto wao. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awape waliobaki busara ya kuyazingatia mambo yao.